Siku 21 Kerala kwa ajili ya tumbo langu: nilicholipa na nilichorudi nacho

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisema nilikwenda Kerala, kusini mwa India, kutibiwa tumbo. Chumba cha peke yangu chenye choo ndani, chakula mara tatu, daktari kila siku na matibabu yote ya mafuta: rupia 4,200 kwa siku. Kwa siku 21 zikawa rupia 88,200, yaani kama rial 400 za Oman. Dawa za kurudi nazo nyumbani rupia 11,600 mbali. Shangazi yangu aliyenisindikiza alilipia kitanda na chakula tu, rupia 900 kwa siku. Tiketi ya ndege ya Maskati, ninakokaa, kwenda Kochi huko Kerala na viza sikuzitia humo.

Jina la hospitali silitaji. Nina mawili matatu ya kuwalalamikia, na hapo hapo kuna watu walionishika kama ndugu yao. Nitasema mahali tu: hospitali ndogo ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, yenye vyumba 18, mwendo wa nusu saa nje ya mji wa Thrissur. Hospitali za namna hiyo zimejaa huko, na utakayoikuta wewe haitakuwa mbali sana na yangu.

Tumbo hili nimeanza kulijua 2014, nikiwa karani wa shule Unguja. Linajaa upepo mpaka kanga haifungiki, halafu msokoto unashuka upande wa kushoto chini ya kitovu, halafu mbio za chooni. Siku nne natoka na vigololi kama vya mbuzi, siku ya tano na ya sita naharisha. Kwetu ukishika tumbo tu umeshapewa vidonda vya tumbo kabla hujakaa kitako. Mara mbili nilimaliza dozi ya antibaiotiki za kuua bakteria wa vidonda, na omeprazole ya kupunguza asidi nilikunywa miaka miwili bila ya kupumzika. Mamkubwa akasema ni mchango, nikanywa mizizi. Mwengine akasema kijicho, nikasomewa. Nikaacha kwenda harusini kwa sababu sikujua choo cha hapo kiko wapi.

Baada ya kuhamia Maskati nikapata daktari wa matumbo aliyefuata njia yake sawasawa. Damu, choo, kipimo cha wale wasiopatana na ngano, na 2022 akanitia kamera kwa nyuma. Kila kitu safi. Akaniambia nina IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome), na siku ile nililichukia neno hilo, maana nilisikia kama anasema sina kitu. Baadaye ndiyo nikafahamu. Kamera haioni kidonda kwa sababu hakuna kidonda. Shida iko kwenye mwendo wa utumbo na kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka habari baina ya tumbo na ubongo, ambayo imekuwa nyepesi kupita kiasi. Madaktari wana vigezo vyao, vilivyopangwa upya 2016: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu ya karibuni, tena yanayofungamana na kwenda haja au kubadilika kwa choo. Mimi nilikuwa na siku nne au tano kwa wiki.

Alinipa karatasi ya vyakula inayofuata utaratibu uliotoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Ilinisaidia, nasema kweli. Lakini ilinitaka niache kitunguu maji, kitunguu thomu, maharage, mkate wa ngano, maembe. Mzanzibari bila ya kitunguu anapika nini? Wiki sita niliweza. Baada ya hapo nilikuwa ninapika vyungu viwili, cha watoto na cha kwangu, na ninalia juu ya changu.

Aliyenielekeza Kerala ni jirani yangu wa mtaa wa Ruwi, Maskati, muuguzi wa kwao huko. Waomani wengi huenda wakati wa mvua za Julai na Agosti. Watu wa Kerala wana mwezi wao unaoitwa Karkidakam, unaoanza katikati ya Julai, na tangu zamani ndio mwezi wa kutengeneza mwili. Kutoka Maskati ni saa tatu na kidogo za ndege. Viza za matibabu zipo, na tangu 2023 India ina viza maalumu ya tiba hizi, viza ya Ayush. Mimi nilikwenda Julai mwaka jana. Tulishuka Kochi mvua inamwagwa kwa ndoo.

Daktari mkuu ni mzee wa miaka sitini hivi, mwenye shahada ya Ayurveda, ambayo India ni miaka mitano na nusu ya chuo pamoja na mazoezi ya hospitali. Uliza shahada hiyo kabla ya kulipa hata senti, kwa sababu wapo pia wapaka mafuta wa hotelini wanaojiita madaktari. Huyu alikaa nami dakika 40 na zaidi. Alianza na faili langu la Maskati, ripoti ya kamera akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza: choo kimewahi kuwa na damu? Umepungua uzito bila ya kutaka? Homa? Tumbo linakuamsha usiku? Kuna mtu kwenu aliyepata saratani ya utumbo? Kote nikajibu hapana. Akasema ningejibu ndiyo mahali pamoja tu, angenirudisha kwa daktari wangu kabla ya kunipaka tone la mafuta. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kisha akaja na maswali ambayo miaka yote sijaulizwa na mtu. Unaamka na njaa? Njaa inakuja saa ile ile kila siku au inapotea na kurudi? Unakula umekaa au umesimama? Ukiwa na hasira, tumbo linakwenda wapi? Alishika mkono akasikiliza mapigo, akatazama ulimi. Mkalimani alikuwa kijana anayejua Kiarabu, na neno alilolirudia zaidi ni nari, moto. Wao wanasema tumboni mna moto unaopika chakula, unaitwa agni, nao una hali nne: uliotulia, mkali, mnyonge, na usiotabirika. Wangu ulikuwa huo wa mwisho. Nikakumbuka jiko la makaa la mama likiwa na mkaa wa maji: mara linawaka mpaka wali unaungua, mara unapepea mpaka mkono unauma na sufuria iko vile vile. Ugonjwa wenyewe kwao una jina, grahani, na umepewa sura nzima katika kitabu chao kikongwe cha Charaka. Si kwamba grahani na IBS ni kitu kimoja kabisa, mzee mwenyewe aliniambia hivyo. Ila mtu mwenye hali kama yangu huko anaangukia kwenye mlango huo.

Sasa ratiba. Saa 12 asubuhi unagongewa mlango unaletewa kashayam, maji ya mizizi na magome yaliyochemshwa mpaka yakapungua, machungu kiasi cha kufumba macho. Saa mbili uji mzito wa mchele na chooko, hizo ambazo bara wanaziita choroko. Karatasi yangu ya Maskati ilikuwa imenikataza jamii yote ya kunde, kwa hiyo siku ya kwanza nilikiangalia kibakuli kama naangalia mtego. Ziliiva mpaka zikapasuka, zina jira na tangawizi, na hazikunifanya kitu. Maharage makavu bado yananitesa hadi leo. Chooko, la.

Chakula cha mchana saa sita na nusu, bila ya kuchelewa hata dakika kumi. Na hapa kuna jambo nataka nilieleze vizuri, kwa sababu katika yote niliyolipia ndilo ninalolifanya kila siku. Kabla ya kula unaletewa unga wa rangi ya vumbi, kijiko cha chai. Wanauita ashtachoornam, maana yake unga wa vitu vinane: tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu ya Kihindi, bizari nyembamba ya aina mbili, mbegu jamii ya ajwain, chumvi ya mwamba, na mvuje. Mvuje ndio unaonuka sahani nzima. Unachota wali wa moto, tonge moja tu, unalitia unga, unalimwagia samli iliyoyeyuka, unalikanda kwa vidole mpaka lishikane, unalila hilo kwanza. Halafu unakula vingine. Muuguzi alisimama kunitazama siku tatu mpaka nikapatia kiasi cha samli. Tumboni unasikia joto, kisha dakika kama ishirini upepo unaanza kutoka wenyewe badala ya kupanda kifuani. Bibi yangu alikuwa anatia mvuje kwenye mchuzi wa dengu na hakuwahi kusema kwa nini, nasi tukauacha kwa sababu ya harufu.

Baada ya wali kuna mtindi. Si ule mzito wa dukani. Huu umesukwa, siagi yote imetolewa, umezimuliwa maji mengi na kutiwa tangawizi na chumvi. Katika grahani mtindi huu wanausifu kuliko dawa yoyote. Maji ya kunywa ni ya moto yaliyochemshwa na bizari nyembamba, na ya barafu hayapo. Chakula cha usiku saa kumi na mbili na nusu, kidogo. Samaki hakuna, nyama hakuna, pilipili hakuna. Shangazi alivumilia siku tano, ya sita akatafuta dereva wa bajaji ampeleke akale samaki mjini.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya namna mbili. Asubuhi kukandwa mwili mzima kwa mafuta ya moto na wanawake wawili, mmoja kila upande, juu ya kitanda cha mbao nene kilichochongwa kama mtumbwi. Hakuna mwanamume anayeingia, na hilo halikuhitaji kuombwa. Mafuta yanatolewa kwa unga wa chooko uliotiwa maji, unajisugua nao mpaka ngozi inarudi, ukapata kutawadha ukasali bila ya wasiwasi. Wauguzi walimwita shangazi Umma. Kumbe Waislamu wa Kerala ndivyo wanavyomwita mama, na tangu siku hiyo akawa wao kuliko kuwa wangu.

Namna ya pili ni bomba. Wanaita basti. Siku nane, siku ya mafuta na siku ya dawa ya kuchemsha kwa zamu, kwa njia ya nyuma. Sikuipenda. Lakini nilielezwa kila hatua, nilifunikwa shuka vizuri, na mikono yao ilikuwa ya adabu. Siku ya nne ya bomba niliharisha mara saba nikawa nimelegea. Usiku huo nilibonyeza kengele, sikuona mtu. Shangazi akatoka na kanga yake kwenye mvua mpaka jengo la mbele, akamkuta mlinzi tu. Muuguzi alikuja baada ya saa nzima na kitu, na maji ya chumvi na sukari tulishajichanganyia wenyewe. Asubuhi daktari mkuu aliomba radhi na akasimamisha bomba siku moja, lakini kwa hospitali inayowatia watu dawa za kuharisha, usiku bila ya muuguzi karibu ni kosa kubwa. Sikulisamehe nikiwa kule na hapa silisamehe.

Lalamiko la pili linawahusu wanawake. Ukiingia hedhini matibabu yote yanasimama. Ndiyo kanuni yao na inajulikana. Ila hakuna aliyeniuliza tarehe zangu wakati ninaweka nafasi, na siku zangu nne zilikwenda bure huku chumba ninakilipia bei ile ile. Dada, hesabu mwenyewe kabla hujakata tiketi.

Kuhusu dawa, mambo mawili nasema kwa mkazo. Dawa zao za majimaji ambazo jina linaishia na arishtam au asavam zinaachwa zichachuke, na zina kilevi kilichojitengeneza humo. Nilipouliza hawakunificha, na zote wakanibadilishia kashayam. Usipouliza unapewa.

La pili ni zito zaidi. Wiki ya mwisho daktari msaidizi aliniandikia dawa ya unga mweusi, jina lake linaishia na parpati. Nikamuuliza imetengenezwa na nini, akasema salfa na zebaki. Zebaki! Akanieleza kwamba inasafishwa kwa njia ya jadi mpaka sumu inaondoka, na kwamba kwa grahani ndiyo dawa kongwe. Sina ugomvi na jadi ya mtu. Lakini mtoto wa kaka yangu ni mfamasia, na kabla ya safari alinisomesha habari za watafiti wa Boston, Marekani, waliopima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko; matokeo yakachapishwa 2004. Dawa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Miaka minne baadaye wakapima 193 zilizonunuliwa kwa mtandao, na mambo yakawa yale yale, moja katika kila tano. Nikakataa. Daktari mkuu alipoambiwa hakununa, alifuta akaandika nyengine ya mimea mitupu. Wewe pia dai orodha ya vilivyomo, na ukisikia neno madini au majivu ya chuma, simama hapo hapo.

Kitu ambacho madaktari wangu wawili, wa Maskati na wa Thrissur, walikubaliana moja kwa moja ni isabgol, yale maganda meupe ya mbegu yanayolimwa Gujarat. Kijiko kimoja usiku na gilasi nzima ya maji, unywe mara moja kabla hayajawa uji. Yanauzwa duka lolote la Kihindi, Darajani ya Unguja mpaka Muttrah ya Maskati, na bei yake ni ndogo. Mtu asiyeweza safari angeanza na hilo, na kula kwa saa, na tonge la mvuje na samli, angekuwa na sehemu nzuri ya kile nilichokifuata mbali.

Je, nimepona? Hapana, na mzee hakuniahidi kupona. Miezi minane nimekuwa nikiandika kwenye daftari. Kutoka siku nne tano za maumivu kwa wiki sasa ni moja, wiki nyengine hakuna. Upepo umepungua sana. Choo bado hakijatulia kabisa, hasa nikisafiri. Ramadhani niliyokuwa nikiiogopa imepita kwa salama: tende tatu, maji ya bizari ya moto, uji, nasali, ndipo ninakula, na sambusa nimewaachia wenye matumbo yao. Harusi moja ya mji wa Barka, huku Oman, ilinitoa machozi kwa biriani la saa tano usiku, nikaugua siku tatu. Sijui ni bomba lililonifaa, au mtindi, au wiki tatu za kulala bila ya simu ya ofisini. Mafuta yalinipa usingizi ambao sikuupata miaka mingi, lakini kwa tumbo naona chakula na saa vilifanya kazi zaidi. Kwa hiyo ningerudi? Kwa siku 14, ndiyo. Zile saba za mwisho sikuona zilichoongeza.

Nina moja zaidi. Nyuma ya jiko la hospitali kuna kibustani cha dawa, na mzee alinitembeza siku moja mvua ilipokata. Akainama akang'oa jani akanionesha vifundo vya mizizi yake, vyeusi, vina harufu ya udongo na kafuri. Wao wanakiita muthanga. Wanakichemsha katika mtindi kumpa mtoto anayeharisha, na kimo pia katika dawa yangu ya asubuhi. Mimi nilikuwa ninakitazama tu. Ni ndago. Ndago ile ile tuliyokuwa tukiilimia shambani Bumbwini mpaka mikono inapasuka, ukiing'oa leo kesho imerudi.

Usiku nikampigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha: "Ndago, mwanangu? Hiyo iliyonimaliza mgongo?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema, basi ngoja.

Wiki iliyopita amenipelekea kwa mtu aliyekuja Maskati: kikapu kidogo cha ukili, ndani vifundo vya ndago vimekaushwa juani, vimeoshwa mchanga wote. Picha nimeshampelekea daktari Thrissur anithibitishie kabla sijavichemsha. Kikapu nimekitundika jikoni, juu ya kopo la mvuje.